Ukurasa wa Nyuma wa Nakala ya Maziwa

Korogwe, Jumamosi, baada ya alasiri

Mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri ikaacha saa nne, na tangu hapo jua limewaka kana kwamba halijui lolote. Duka nimefunga mapema. Wateja wa Jumamosi kwenye steshenari yangu ni wanafunzi wa chuo cha ualimu wanaokuja kutoa kopi, na leo umeme ulikuwa unakatika kila wakikaribia mashine. Sasa umetulia. Nimechemsha chai, nimekaa mbele ya kompyuta, na nina jambo la kuandika ambalo mikono yangu hailitaki.

Nimeshalikwepa mara moja. Wiki mbili zilizopita, hapa hapa kwenye blogu hii.

Wanaonisoma watakumbuka niliandika kuhusu Habari za Huku, kigazeti nilichokuwa nakitengeneza Handeni na rafiki yangu Rehema. Niliandika kwa furaha, nikajisifu kidogo. Kwa aliyepita bila kusoma, nieleze tena kwa kifupi.

Miaka kumi na tatu iliyopita nilikuwa karani mpiga chapa wa chama cha ushirika. Ulikuwa wakati wa ruksa. Malori ya watu binafsi yalianza kuja kununua mahindi hadi shambani, mitumba ikajaa gulioni, magazeti ya kila aina yakawa yanashuka na basi la Dar. Chama chetu, kilichozoea kununua kila kitu peke yake, kikabaki na ghala lenye popo. Tukapunguzwa kazini. Siku ya mwisho meneja aliniona nikiifunika taipureta kwa kitambaa chake, akasema, "Ichukue tu, Mwantumu. Nikiiacha hapa itakuwa nyumba ya panya."

Nikajitwika kichwani mpaka kijijini kwetu, nje kidogo ya mji.

Rehema alikuwa muuguzi msaidizi wa zahanati ya kijiji. Yeye ndiye aliyesema tuandike gazeti letu. Nilimcheka. Gazeti lina mtambo, lina mhariri, lina ofisi. Akaniambia, "Wewe una mashine, mimi najua kuchora. Karatasi na kaboni tutanunua. Wao wana nini cha zaidi?"

Tukaanza.

Kwenye taipureta unaweza kupanga karatasi sita kwa pamoja, na kaboni katikati yake. Ukigonga kwa nguvu zako zote unapata nakala sita. Ya kwanza inang'aa, ya sita inasomeka kwa kubahatisha. Rehema alichora picha ya mbele mara sita kwa kalamu ya wino, kisha akashona kurasa kwa sindano na uzi wa kushonea mikeka. Tuliandika nani kafaulu darasa la saba, nani kafiwa, bomba gani limekauka, timu ya kijiji ilifungwa vipi na kwa nini refa asilaumiwe. Nakala moja ilikaa zahanati, moja shuleni, moja kwa fundi cherehani, moja kwenye mashine ya kusaga kwa Mama Asha, na moja tulibaki nayo.

Ya sita tuliita nakala ya maziwa, kwa sababu ilikuwa ya Naserian.

Naserian alikuwa mke wa mfugaji. Boma lao lilikuwa upande wa tambarare, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Kila asubuhi alileta maziwa kijijini akiwa na vibuyu viwili na mtoto mgongoni. Kusoma alijifunzia madarasa ya watu wazima, na alisoma kwa sauti ya chini, kidole kikiwa chini ya neno. Nakala ya sita aliichukua yeye mwenyewe. Nilimwambia hiyo haionekani vizuri, akajibu, "Macho yangu ni mazima." Akawa anakwenda nayo bomani, anawasomea wengine, anairudisha.

Na ukurasa wa nyuma wa kila nakala ulikuwa mtupu. Hilo lilikuwa wazo langu, naona fahari nalo mpaka leo. Mwenye neno alikuwa anaandika hapo kwa penseli. Toleo lililofuata tuliyagonga maneno yote ya ukurasa wa nyuma, hata ya kututukana.

Siku moja afisa mtendaji wa kata alituita. Alishika nakala ya fundi cherehani kwa vidole viwili, kama ushahidi, akauliza kama gazeti hili limesajiliwa. Rehema akajibu kwa adabu, "Mzee, hii ni barua tu. Ila wanaoandikiwa ni wengi." Mzee yule alifikiri sana. Mwisho akauliza kwa nini timu ya ofisi yake haijaandikwa.

Hiyo ndiyo stori niliyoiandika wiki mbili zilizopita. Nikamalizia kwamba mwaka jana, binti mmoja wa chuo aliponionyesha blogu kwa mara ya kwanza, ukurasa wa mtu asiyejulikana akieleza kwa Kiswahili jinsi alivyounguza wali wa wageni, sikuhitaji kufundishwa. Niliijua. Ni ile ile. Huombi ruhusa kwa mtu, huna mhariri, una nakala zako na chini kuna nafasi ya mwenye neno. Tofauti ni kwamba msomaji wa sita naye anaona vizuri kama wa kwanza.

Yote niliyoandika yalikuwa kweli. Kilichokosekana ni namna kigazeti kilivyokufa. Niliandika kwamba "maisha yalitutawanya."

Siku ya pili yake nikakuta maoni mapya.

Yalikuwa ya Rehema. Sasa anaishi Hale, kwenye nyumba za wafanyakazi wa bwawa la umeme alikoajiriwa mumewe. Aliandika mistari miwili: "Umeandika vizuri, shoga. Lakini ukurasa wa nyuma wa nakala ya maziwa, toleo lile la mwisho, ulikwenda wapi?"

Nilisoma mara moja. Kisha nikabonyeza neno "futa."

Sikufikiri. Ningependa kusema nilihangaika nalo, lakini lilichukua muda wa kupiga chafya.

Rehema alinipigia simu asubuhi yake nikiwa nafungua mlango wa duka.

"Mwantumu, umenifuta."

"Sijakufuta. Huu mtandao wetu unajua ulivyo..."

"Usinifanye mtoto. Jana jioni maneno yangu yalikuwepo, nilimwonyesha hata mume wangu. Leo hayapo."

Nikauacha ufunguo kwenye kitasa.

"Mimi ndiye niliyekuwa nashona," akasema. "Ile nakala iliporudi uzi ulikuwa umelegea na karatasi moja haipo. Sikukuuliza, kwa sababu nilidhani utaniambia. Nimengoja miaka kumi na tatu. Mtu aliandika kwenye gazeti letu, mimi mwenye gazeti sikusoma. Aliandika nini?"

Nikakaa kwenye benchi la wateja, nikamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa.

Sasa nawaambia na ninyi.

Toleo la mwisho lilitoka mahindi yakiwa yamebeba. Kaka yangu Rashidi, ambaye baba alipofariki ndiye aliyenilea na kunisomesha upigaji chapa, alikuwa na shamba karibu na njia ya kwenda kwenye lambo. Jioni moja alikuja nyumbani mbio. Ng'ombe wa wafugaji wameingia shambani, wamekula na kukanyaga. Ng'ombe hamsini, akasema.

Nilikaa kwenye mashine palepale. Nikagonga ukurasa mzima. Niliandika ng'ombe hamsini, nikaandika jasho la mkulima, nikaandika "tutavumilia mpaka lini?" Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika, na nasema hivyo bila furaha. Sikwenda shambani kuangalia nyayo. Sikwenda bomani. Sikumngoja Naserian apite asubuhi na maziwa nimuulize, ingawa alipita mlangoni kwangu kila siku.

Sikuuliza mtu yeyote.

Toleo lilisambaa Jumatatu. Kwenye mashine ya kusaga lilisomwa kwa sauti, wanaume wakasimama mlangoni kusikiliza. Watu walinipongeza njiani. Mzee mmoja ambaye hajawahi kunijibu salamu alisema, "Binti, una mkono."

Jumatano Naserian alirudisha nakala yake. Alikuwa ameandika ukurasa wa nyuma wote, kwa penseli, herufi kubwa kubwa zilizopinda. Aliniuliza jambo moja tu: "Mtayaweka na kwenye nakala nyingine?"

"Tutayagonga, dada," nikamwambia.

Akanipimia maziwa yangu, akaondoka.

Nikasoma. Aliandika kwamba ng'ombe walioingia walikuwa watano. Kwamba lambo limezungushiwa waya na mgeni kutoka mjini mwenye karatasi za eneo lile, na mifugo ilikuwa imekaa siku mbili bila maji. Kwamba mwenyekiti wa kijiji aliwaruhusu wapite pembeni ya mashamba kwenda kijitoni, ila siku ile wale watano walisikia harufu ya maji wakawashinda wachungaji. Kwamba mumewe ametenga mbuzi wawili wa fidia, na mkwewe anamngoja mwenye shamba aje waonane kama watu. Na mstari wa mwisho: Mtuulize kabla ya kuandika.

Nilijua papo hapo kwamba ni kweli. Niliujua mwandiko wa mtu aliyekaa kutafuta kila neno.

Nikaichana ile karatasi, nikaitia jikoni chini ya sufuria ya maharage.

Kwa miaka mingi nimejiambia nilifanya vile kwa ajili ya Rashidi, ili asionekane mwongo. Hiyo ni sehemu. Sehemu kubwa ni ile sauti ya "binti, una mkono." Toleo lililofuata lingekuwa la kukiri kwamba mkono wangu uliandika uongo, na sikuwa tayari kuonekana mdogo wiki ile ile niliyoonekana mkubwa.

Ijumaa baada ya swala, wanaume wa kijiji walikwenda kuwafukuza ng'ombe kule kijitoni. Walibeba fimbo na mapanga. Rashidi alikuwa mbele. Ng'ombe watatu walikatwa, mmoja akafa palepale. Mkwe wa Naserian, mzee aliyejitokeza kuwazuia kwa maneno, alivunjwa mkono. Polisi walikuja, wakachukua wawili watatu, wakawaachia. Baada ya wiki moja boma lile lilihama.

Mmoja wa wale wanaume alikuwa na ukurasa wangu kwenye mfuko wa shati. Nilimwona akirudi.

Naserian alipita kijijini mara moja tu baada ya pale. Alishusha vibuyu kwa Mama Asha, akamimina, akavibeba, hakuonekana tena. Mimi na Rehema hatukuzungumza kuhusu toleo jingine. Mwaka uliofuata aliolewa, nami nikaja Korogwe.

Labda ukurasa wake usingezuia kitu. Watu wenye hasira hawasomi. Hilo nalo nimejiambia sana. Lakini mbuzi wawili ni mbuzi wawili, na aliyepaswa kwenda kuwachukua hakuambiwa kama wapo.

Rehema alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nenda Handeni." Nikamwambia kwanza nitarudisha maoni yake. Akasema, "Mimi si wa kwanza kwenye foleni hiyo."

Ilinichukua karibu siku kumi kujikaza, na jana sikufungua duka.

Nilipanda basi la kwanza. Barabara ilikuwa utelezi mtupu. Kabla ya Sindeni tulishuka wote tukatembea ili gari lipande kilima likiwa jepesi, na viatu vyangu vikawa na udongo mwekundu wa kutosha kujenga jiko. Njia nzima nilikuwa napanga sentensi. Ni ugonjwa wa watu wanaoandika. Nilikuwa na utangulizi mzuri kabisa.

Sokoni Handeni niliwauliza wauza maziwa. Yule wa pili alinyoosha mkono. Naserian alikuwa amekaa kwenye kigoda, mbele yake madumu manne ya plastiki na kikombe cha kupimia. Nywele za mbele ni nyeupe. Nilimjua kwa kidole, alikuwa anasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari, kidole chini ya neno.

Nikamsalimu kwa salamu yao niliyoikumbuka, "Takwenya."

"Iko," akaitikia, bila kuinua macho. Kisha akainua. "Mwantumu wa mashine."

Utangulizi wangu wote ukapotea.

"Dada Naserian," nikasema, "ule ukurasa uliouandika, sikuugonga. Niliuchana siku ile ile nikauchoma. Hakuna aliyeusoma isipokuwa mimi."

Akaja mteja anataka lita moja. Akampimia, akampa, akafunika dumu.

"Hakuna aliyeusoma," akasema.

"Hakuna."

"Rehema?"

"Hata Rehema."

"Mama Asha?"

Nikamwambia Mama Asha hakujua hata kama kuna maneno yaliandikwa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Nilidhani alijua. Miaka yote niliamini kwamba aliona toleo halikutoka, akaelewa, akanichukia, na hiyo chuki ilikuwa haki yangu, nilishaizoea. Haikuwa hivyo.

"Mimi nilidhani mmesoma wote," akasema. "Uliniambia mtayagonga. Nikajua mmeyagonga. Nilipita pale siku ya mwisho, Mama Asha ananisalimu, ananiuliza habari za mtoto. Nikasema moyoni, huyu amesikia maneno yangu yakisomwa, amejua kuhusu mbuzi, na wanaume walipobeba mapanga hakusema neno. Wote mmejua, wote mmenyamaza. Ndiyo maana sikurudi."

Akaendelea kwa sauti ile ile ya kawaida.

"Mama Asha alikuwa rafiki yangu. Mtoto wangu wa kwanza nilijifungulia nyumbani kwake, mvua ilinizuia njiani. Rafiki yangu huyo alikufa mwaka juzi. Niliambiwa, na nilikuwa hapa hapa mjini. Sikwenda msibani."

Nilichokuja kutubu kilikuwa karatasi moja, na huyu alikuwa ananionyesha mazishi.

Nikalia, nasema kweli, sokoni, saa tano asubuhi. Naserian hakunibembeleza. Alisogeza dumu moja ili nisilipige teke.

Baadaye akaniuliza kama nakumbuka alichoandika. Nikamwambia nakumbuka chote. Nikamsomea kwa kichwa, mstari kwa mstari, jinsi kilivyokaa ndani yangu miaka yote. Alikuwa anatikisa kichwa polepole. Nilipofika kwenye mwenyekiti wa kijiji akanikatiza.

"Hapo siyo. Sikuandika tuliruhusiwa kupita. Niliandika tulikubaliana."

"Kuna tofauti?"

"Anayeruhusiwa ni mgeni. Sisi tulikuwa pale kabla ya lambo kuchimbwa."

Nilichukua kalamu nikaliandika neno hilo kiganjani mwangu, sikuwa na karatasi karibu.

Nikamweleza kuhusu blogu. Ilikuwa kazi. Nilimwambia ni kama Habari za Huku, ila hakuna nakala sita, kila mwenye kompyuta mahali popote anaweza kuifungua. Akauliza wanasoma watu wangapi. Nikamwambia labda thelathini, wengi siwajui. Akauliza kama kuna ukurasa wa nyuma. Nikamwambia upo, chini, na mtu akiandika nami sikumpenda naweza kumfuta kwa kidole kimoja.

"Basi hujapona," akasema.

Hakutabasamu, lakini nadhani ulikuwa utani.

Nikamwomba ruhusa ya kuandika aliyoyasema. Alifikiri akiwa anampimia mteja mwingine. Akasema niandike, niweke na jina lake, kwa sababu hata mara ile aliliweka. Mkwewe bado yu hai, mkono umekaa upinde, hachungi tena, anashinda na ndama. Atamwambia. Kisha akasema, "Ila mimi kompyuta sina. Ukimaliza uniletee kwenye karatasi. Nisome kama umeandika nilivyosema." Nikamwambia Ijumaa ijayo.

Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza. Nilinunua nusu lita ya maziwa, nikanywa palepale nimesimama, nikarudisha kikombe.

Leo asubuhi, mvua ikinyesha, nilimpigia Rashidi. Nisingeweza kuandika haya ayakute kwa watu. Anaishi palepale kijijini, shamba ni lile lile. Nilimweleza kuanzia mwanzo. Nilipofika kwenye mbuzi wawili, alinikatiza.

"Mbuzi wawili," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Walikuwa wananingoja?"

"Ndiyo."

Nikamwambia nimeahidi kumpelekea Naserian karatasi sokoni Handeni Ijumaa. Akaniambia nisiandike. Alisema hivyo mara tatu, mara ya tatu kwa ukali, akasema nimekuwa mtu mzima lakini bado nacheza na mashine. Kisha sauti yake ikabadilika, akaniambia jambo moja kuhusu Ijumaa ile ya kijitoni ambalo sikulijua. Hilo sitaliandika. Ni lake. Nimefikiri mchana kutwa kama kulificha ni sawa na kuchana karatasi, na naona si sawa. Maneno ya Naserian aliniletea nikayachapishe. Haya ya kaka yangu alimwambia dada yake.

Akakata simu bila kuaga.

Hivyo nimekaa nimeandika. Ng'ombe walikuwa watano. Walikuwa na siku mbili bila maji. Wafugaji na mwenyekiti walikubaliana. Mbuzi wawili wa fidia walikuwepo. Naserian aliandika yote haya kwa mkono wake kabla ya fimbo ya kwanza kuinuliwa, na mimi, Mwantumu, niliyachoma. Mama Asha hakujua lolote, Mungu amrehemu.

Maoni ya Rehema nimeyarudisha kwa kuyaandika upya juu hapo, neno kwa neno. Kwenye mipangilio nilitafuta namna ya kuiondoa hiyo "futa" nisiweze kuitumia tena. Haiondoki. Itabidi nikae nayo hivyo hivyo, kama watu wanavyokaa na kisu jikoni. Nikimaliza hapa natoa nakala moja kwenye printa, naikunja, naishona kwa uzi, karatasi ya mwisho naiacha tupu. Penseli nitabeba ya kwangu.

Niliinuka kidogo kabla ya kumalizia, kuanua nguo kabla wingu jingine halijafika. Nimerudi nimekuta ujumbe kwenye simu. Ni wa Rashidi, ambaye hajawahi kuandika ujumbe wa zaidi ya neno moja maishani mwake.

"Ijumaa utashuka hapa Handeni saa ngapi. Nina mbuzi mmoja tu kwa sasa."

Nimemjibu kwamba basi hufika saa nne na nusu kama barabara ni kavu, na kwamba amfunge kamba fupi, pale sokoni pana watu wengi.